MWENYE MALI HUULIZA HESABU

KABLA jua halijapanda juu ya mapaa ya Kariakoo, mchukuzi amekwisha beba gunia la tatu. Wasukuma mikokoteni wanapigana vikumbo katika Mtaa wa Msimbazi, mama lishe amekwisha injika sufuria, na fundi cherehani amekwisha tandaza kitambaa barazani. Msimamishe mmoja wao umwulize habari za Hifadhi za Taifa, naye huenda akakucheka. Atakuambia kwamba simba na tembo ni mambo ya wageni wenye kamera. Yeye ana kodi ya chumba, daftari za mtoto na nauli ya kurudi Mbagala. Hatumlaumu hata kidogo. Mtu hawezi kuionea uchungu mali ambayo hakupata kuambiwa kwamba ni yake.

Leo twataka kumwambia. Ndugu mchukuzi, ndugu fundi, na wewe mama lishe: Serengeti ni yenu. Mikumi ni yenu. Mlima Kilimanjaro na theluji yake ni wenu. Hatusemi hivi kwa kuwafurahisha, bali kwa kuwa ndivyo sheria isemavyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema kwamba ardhi yote ya nchi hii ni mali ya umma, na Rais ameishika kwa niaba ya wananchi wote akiwa mdhamini wao. Sheria ya Hifadhi za Taifa iliyotungwa mwaka 1959, ambayo ndiyo iliyozaa shirika tunaloliita TANAPA, iliziweka mbuga hizi chini ya Bodi ya Wadhamini. Neno ni lile lile: mdhamini. Na Katiba yetu, katika ibara ya 27, yamtwika kila mtu wajibu wa kulinda maliasili na mali ya pamoja na kupiga vita ubadhirifu.

Je, mdhamini ni nani? Kila aliyepata kucheza upatu katika mitaa ya Gerezani, Ilala au Magomeni anamfahamu, maana kijumbe wa mchezo ni mdhamini. Fedha anazokusanya si zake. Anazitunza, anazigawa kwa zamu, na mchezaji akiuliza habari zake, hufungua daftari akamwonyesha. Kijumbe akianza kukasirika kila anapoulizwa, wachezaji hutambua kwamba kuna jambo. Twapenda wasomaji wetu washike mfano huu mdogo, kwa sababu yote tutakayosema hapa yatoka humo: Serikali inamiliki na kuendesha Hifadhi za Taifa kwa niaba yetu, na jambo hilo ni jema, lakini wema wake wategemea daftari lililo wazi.

MAJINA MAWILI YA VITA MOJA

Watu wa Kariakoo wana haki ya pekee ya kuuliza habari hizi. Jina la mtaa wao latokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipouteka mji huu mwezi Septemba 1916, wapagazi waliwekewa kambi mahali hapa. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile ya Afrika ya Mashariki, wengi wao si kwa risasi bali kwa njaa, kuhara na homa, mizigo ya wengine ikiwa vichwani mwao. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa katikati ya mji mwaka 1927 yawakumbuka kwa jumla, bila majina.

Katika vita hiyo hiyo, tarehe 4 Januari 1917, aliuawa huko Beho Beho, upande wa Rufiji, kapteni mmoja wa Kiingereza aliyekuwa mwindaji mashuhuri wa tembo. Jina lake lilikuwa Frederick Selous. Yeye hakusahauliwa. Mwaka 1922 pori kubwa la kusini lilipewa jina lake, pori ambalo baadaye lilipanuliwa mpaka likawa kubwa kuliko nchi nzima ya Uswisi. Hivyo mpagazi alikumbukwa kwa jina la soko, tena jina lililopindapinda, na mwindaji akakumbukwa kwa pori. Ilichukua karibu miaka mia moja hata mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, yenye zaidi ya kilomita za mraba 30,000, ambayo ni mara mbili ya Serengeti.

Twayakumbusha haya kwa sababu mbuga zetu hazikuanza kwa kumwuliza mwenyeji. Sheria ya kwanza ya kuzuia uwindaji ilitolewa na gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, mwaka 1896. Sanamu yake iliwahi kusimama mjini humu mpaka Waingereza walipofika. Kwa sheria ile mwindaji alitakiwa awe na kibali cha kulipia. Mzungu mwenye bunduki na fedha alikipata, na mwananchi mwenye upinde na mtego akageuka kuwa mwizi wa nyama katika pori la babu zake. Baadaye, katika miaka ya 1940, Wangindo wa Liwale waliondolewa katika vijiji vyao kwa sababu iliyotajwa kuwa ugonjwa wa malale, na sehemu walizoziacha zikaingizwa katika pori la akiba. Mwaka 1959 Wamasai walitolewa katika nyanda za Serengeti, nao wakahakikishiwa makao yao Ngorongoro.

Uhuru ulipokuwa karibu, wako waliodhani kwamba Mwafrika akishika nchi atawachinja wanyama wote. Mwezi Septemba 1961 Mwalimu Nyerere alitoa tamko huko Arusha, miaka sita kabla ya lile Azimio tunalolijua sote. Aliahidi kwamba serikali ya Waafrika itawatunza wanyama na mapori yao kwa ajili ya wajukuu, akaomba wataalamu na fedha za kuifanya kazi hiyo. Wakati huo tulikuwa na hifadhi tatu tu: Serengeti, Manyara na Ngurdoto, ambayo sasa yaitwa Arusha. Mwaka 1963 kilifunguliwa Chuo cha Mweka cha kuwafunza Waafrika kazi ya kuhifadhi wanyama. Mwaka 1964 zikaongezwa Mikumi na Ruaha. Leo hifadhi zetu zapita ishirini. Waliotabiri machinjo wamejibiwa.

MNONO HUMLISHA MKONDEFU

Hata hivyo, wako wasemao kwamba serikali haifai kuendesha mbuga. Wasema kazi ya serikali ni kutoza kodi na kulinda amani, na mambo ya wanyama na watalii yangeachiwa makampuni yenye mitaji. Hoja hii yafaa kujibiwa kwa hesabu, isijibiwe kwa hasira.

Kwa miaka mingi ni hifadhi chache tu za Kaskazini, yaani Serengeti, Kilimanjaro, Manyara, Tarangire na Arusha, zilizoweza kujilipia gharama zake na kubakiwa na ziada. Ziada hiyo ndiyo iliyowalipa askari wa Katavi, ikatia mafuta katika mashua za Rubondo, na kulinda misitu ya Mahale. Sasa twauliza: kama mbuga zingepigwa mnada kesho, mnunuzi angenunua ipi? Angenunua Serengeti, na Katavi angewaachia majangili. Mali ikiwa ya umma, mnono humlisha mkondefu. Mama lishe wetu aifahamu hesabu hii vizuri, maana faida ya siku ya mwisho wa mwezi ndiyo inayombeba siku za tarehe ishirini, wakati mifuko ya wateja imekauka.

Tena ulikuja mwaka 2020 na ugonjwa wa korona. Mwaka uliotangulia nchi yetu ilikuwa imepokea wageni zaidi ya milioni 1.5, mwaka ule hawakufika hata laki saba. Kampuni ingefunga ofisi, ikawaambia askari warudi makwao, ikangoja. Tembo hana likizo, na jangili huzipenda siku ambazo hakuna mtu barabarani. Umma ndio uliobeba mzigo huo, kwa sababu umma hauna mahali pa kukimbilia.

Hatusemi kwamba hakuna la kujifunza kwa jirani. Rwanda, tangu mwaka 2010, inaiendesha mbuga yake ya Akagera kwa ubia na shirika la African Parks. Simba waliokuwa wamekwisha kabisa walirudishwa mwaka 2015, na vifaru mwaka 2017. Kazi hiyo ni njema na twaipongeza. Lakini shirika la wafadhili hujibu kwa wafadhili wake. Mwanakijiji ambaye shamba lake limeliwa na tembo usiku atakwenda kumshtaki wapi? Waziri aweza kuitwa Bungeni, na waziri akikosea aweza kuondoka, kama tutakavyoonyesha. Nguvu hiyo ndogo aliyo nayo mnyonge juu ya mali yake hatuko tayari kuiuza.

Na asiyejali simba wala kifaru, basi na ajali taa. Mitambo ya Mtera na Kidatu huzungushwa na maji ya Ruaha Mkuu. Maji hayo hukusanyika kwanza katika ardhi oevu ya Usangu na Ihefu, iliyoingizwa ndani ya Hifadhi ya Ruaha mwaka 2008 baada ya mto huo, tangu mwaka 1993, kuanza kukauka kila kiangazi. Bwawa la Nyerere kule Rufiji, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, lilianza kutoa umeme mwaka 2024. Wako waliolihofia kwa ajili ya pori, na hofu yao haikuwa ya kipuuzi. Sasa bwawa lipo, na uhai wake umo katika misitu ya juu, ikiwamo ile ya Udzungwa inayoshusha mito yake katika Kilombero. Siku misitu hiyo itakapokwisha, tope litajaa bwawani, na cherehani ya umeme ya fundi wa Kariakoo itasimama. Kwa hiyo askari anayelala porini huko Udzungwa anamlinda pia fundi huyo, ijapokuwa hawajapata kuonana.

MALI BILA DAFTARI

Sasa tumgeukie mdhamini wetu, kwa heshima lakini bila ya kuficha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema pia kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Serengeti yetu imesifiwa sana duniani na kupewa tuzo mwaka baada ya mwaka, nasi twafurahi. Lakini sifa zisitufanye tusahau yaliyopata kutokea.

Mwezi Novemba 1910 ungesema ni mkoloni. Lakini ilikuwa Novemba 2010, miaka 49 baada ya Uhuru, wanyama hai zaidi ya mia moja, twiga wakiwamo, walipopakiwa katika ndege ya kijeshi ya kigeni kwenye Uwanja wa Kilimanjaro wakapelekwa Qatar. Twiga ni alama ya taifa letu. Mnyama mwenye shingo ndefu namna ile alipita mbele ya macho ya wenye vyeo, na hakuna aliyemwona!

Tena tembo wetu, ambao mwaka 2009 walihesabiwa kuwa zaidi ya 100,000, walipohesabiwa mwaka 2014 walikuwa kama 43,000. Katika miaka mitano tulipoteza zaidi ya nusu. Mtu asidhani kwamba jambo hilo lilikuwa la porini tu, lisilotuhusu sisi wa mjini. Pembe za ndovu hazina miguu. Zililetwa mjini kwa magari, zikafichwa katika nyumba, zikafungwa katika makasha na kupitishwa bandarini na watu wenye mihuri. Mwezi Novemba 2013 mamia ya pembe yalikutwa katika nyumba moja ya Mikocheni. Mwezi Februari 2019 Mahakama ya Kisutu, ambayo mtu aweza kuifikia kwa miguu akitoka Kariakoo, ilimhukumu kifungo cha miaka 15 mfanyabiashara mmoja wa Kichina pamoja na Watanzania wawili kwa biashara hiyo. Tembo waliuawa Selous na Ruaha, lakini duka lilikuwa hapa.

Serikali ilipoamka, iliamka kwa rungu. Operesheni Tokomeza ya mwezi Oktoba 2013 ilikamata majangili wa kweli na silaha zao. Lakini pia wananchi wasio na hatia walipigwa, wakateswa, nyumba zikachomwa moto, mifugo ikauawa, na wako waliokufa. Bunge lilichunguza, likasema wazi, na mwezi Desemba mwaka huo mawaziri wanne walipoteza nafasi zao. Hii ndiyo nguvu tuliyoitaja hapo juu. Hakuna kampuni ambayo wananchi wangeiangushia wakurugenzi wanne kwa siku moja. Lakini yafaa pia tuseme kwamba hesabu ile ilidaiwa baada ya watu kuumia. Daftari linalofunguliwa msibani limechelewa kufunguliwa.

Kariakoo yalijua jambo hilo kuliko mahali pengine. Soko kuu lililojengwa kwa fedha za umma na kufunguliwa mwaka 1975, kazi ya mikono ya msanifu wetu Beda Amuli, lilikuwa chini ya shirika la umma. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 liliungua. Asubuhi yake mji mzima ulikuwa ukiuliza mlinzi alikuwa wapi. Swali lilikuwa sahihi, lakini wakati wake ulikuwa umepita; swali la namna hiyo huulizwa soko lingali zima.

JIRANI WA MBUGA

Liko deni jingine, nalo ni la jirani. Sisi wa Dar es Salaam tunaipenda mbuga kwa urahisi kwa sababu haitulalii mlangoni. Mkulima wa kando ya Mikumi, au wa Rufiji, au wa Bunda, hukesha akipiga debe ili tembo wasimalizie mahindi yake. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo ya kifuta jasho kwa aliyeliwa shamba, na kifuta machozi kwa aliyefiwa. Majina haya ni ya kweli kupita kiasi: hufuta jasho, hayajazi ghala. Na yanapochelewa, hata jasho lenyewe hukauka kabla ya kufutwa. Twasema kwamba mkulima huyu ndiye mwanahisa wa kwanza wa mbuga, kwa kuwa yeye hulipa kiingilio kila usiku.

Jambo la Ngorongoro nalo hatutalipita kimya. Kisheria si Hifadhi ya Taifa. Ina mamlaka yake tangu mwaka 1959, ili watu, mifugo na wanyama wa porini wakae pamoja. Watu wameongezeka, mifugo imeongezeka, na malisho ni yale yale. Huo ni ukweli. Tangu mwaka 2022 Serikali imekuwa ikiwahamishia Msomera, wilaya ya Handeni, wale wanaojiandikisha. Wako waliohama na kuridhika na nyumba na mashamba. Wako pia waliokataa, wakalalamika kwamba huduma zao zinapunguzwa ili wachoke, na mwezi Agosti 2024 maelfu wao walikusanyika barabarani kusema hivyo. Mwezi Desemba mwaka huo Rais aliwasikiliza, akatangaza kuunda tume mbili. Neno letu ni fupi. Watu waliohakikishiwa makao na mkoloni mwaka 1959 wasije wakaona kwamba ahadi ya serikali yao wenyewe ni nyepesi kuliko ile. Ahadi ni deni. Kinachoitwa hiari kiwe hiari mchana kweupe, na anayebaki asiadhibiwe kwa kubaki.

TUNAYOYATAKA

Basi twataka nini? Twataka mambo matatu, na yote matatu yawezekana.

Kwanza, hesabu. Mwaka 2020 Bunge lilibadili sheria, na mapato ya TANAPA, ya Ngorongoro na ya mamlaka ya mapori ya akiba yakaanza kukusanywa na Mamlaka ya Mapato na kuingia katika Mfuko Mkuu wa Hazina. Wako waliosifu wakisema fedha za tembo sasa zitajenga hospitali. Wako walioogopa kwamba gari la doria litasimama porini likingoja idhini ya mafuta kutoka ofisini. Vyote viwili vyaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na raia wa kawaida hana njia ya kupambanua. Mkaguzi Mkuu hutoa taarifa zake kila mwaka, lakini ni vitabu vinene vya wataalamu. Twataka kila hifadhi itoe hesabu yake kwa karatasi moja, kwa Kiswahili chepesi: imeingiza kiasi gani, imetumia kiasi gani kwa ulinzi, imewapa vijiji jirani kiasi gani, tembo wangapi wamekufa na kwa sababu gani. Karatasi hiyo ibandikwe katika ofisi za kata na matawi, na wanachama waijadili kama wanavyojadili ada.

Pili, haki ya jirani. Malipo ya kifuta jasho yawe na muda uliotajwa, na afisa anayeyachelewesha atajwe pia. Askari wa hifadhi ni mtumishi mwenye kazi ngumu. Wengi wameuawa na majangili, nasi twawaheshimu. Lakini yule mmoja anayempiga mchunga ng’ombe na kumnyang’anya mifugo huharibu kazi ya askari mia, kwa kuwa mchunga huyo, siku atakapowaona majangili wakipita, atageuza uso.

Tatu, mlango. Kiingilio cha mwananchi kimewekwa kwa shilingi na ni chepesi kuliko cha mgeni anayelipa kwa dola. Twaishukuru Serikali kwa hilo. Lakini kiingilio si gharama pekee. Nani atamfikisha mchukuzi langoni? Kila mwezi Julai katika Maonyesho ya Sabasaba watu wa mji huu hupanga foleni kumtazama simba aliye kizimbani, na watoto huinuliwa mabegani ili wamwone. Watu hao si wasiopenda wanyama! Treni mpya ya umeme, tangu mwaka 2024, yafika Morogoro kwa muda usiozidi saa mbili hivi, na kutoka hapo Mikumi si mbali. Reli ya TAZARA yapita ndani ya pori la Nyerere lenyewe. TANAPA, mashirika ya reli na vyama vya wafanyakazi wakae meza moja, wapange safari za Jumapili kwa nauli ya mfanyakazi, na shule za Kariakoo na Ilala zipewe zamu. Mtoto aliyemwona tembo akimnywesha mwanawe mtoni hatakuja kuwa karani wa kugonga muhuri kwenye kasha la pembe.

WAJIBU WETU

Lakini mwenye mali naye ana wajibu, na hatutamwacha aondoke akiwa amefurahi tu. Dereva wa lori anayepita Mikumi asikimbie kama mwizi. Barabara ile hukata kilomita 50 za hifadhi, na swala aliyegongwa ni mali yake mwenyewe aliyoigonga. Mpishi asinunue nyama ya porini isiyo na kibali, hata kama ni rahisi. Mfanyakazi wa bandari na wa ghala, aonapo kasha lililopewa jina la vitunguu nalo uzito wake si wa vitunguu, aseme. Na wakubwa wake wamlinde aliyesema, wasimhamishe. Anayekwenda Mbudya au Bongoyo siku ya sikukuu akumbuke kwamba visiwa hivyo na bahari inayovizunguka vimetengwa tangu mwaka 1975, na samaki wazaliwao huko ndio watakaouzwa Feri. Asiache takataka zake pale.

Na katika mikutano ya matawi, mwanachama asione haya kusimama na kuuliza. Wako watakaomwambia kwamba mambo ya mbuga ni ya wizara, na kazi yake yeye ni kupiga makofi. Asikubali. Babu zake waliipa Kariakoo jina lake kwa kubeba mizigo ya watu wengine katika vita isiyokuwa yao, wala hawakuulizwa neno, wala hawakuonyeshwa hesabu yoyote. Mjukuu wao hubeba magunia vile vile, lakini magunia haya ni ya nchi yake, na pori lile la Rufiji sasa ni pori lake.

Serikali imeshika mali hii kwa niaba yetu kwa zaidi ya miaka sitini, na kwa jumla imeitunza. Mataifa tajiri kuliko sisi yalikwisha wamaliza wanyama wao zamani. Twataka iendelee kuishika, na mtu binafsi asiuziwe hata shubiri moja. Kwa sababu hiyo hiyo twaiomba ifungue daftari, kabla haijaulizwa, na iwe desturi yake ya kila mwaka. Kijumbe mwaminifu haogopi kuulizwa, na wachezaji wake humkabidhi tena mchezo ujao.